Mgongo wa Mwenyekiti

Ni Jumapili mchana, ibada imekwisha na chakula kimeondolewa mezani, na Mzee Silvano Kiondo ameketi mbele ya kompyuta ya mwanawe akiwaandikia wanachama wa Klabu ya Matembezi ya Wastaafu onyo ambalo hakudhani angeliandika maishani mwake. Mtu asiyejulikana anawapelekea barua pepe zenye jina lake yeye, Mwenyekiti, akiwataka wampe namba za siri za akaunti zao za benki, eti klabu inahakiki wanachama. Na Mama Eufrasia Shemdoe, mjane ambaye hajapata kukaidi agizo la mwenyekiti tangu alipojiunga, hapokei simu tangu asubuhi. Mzee anaandika: Wapendwa. Analifuta. Anaandika: Wanachama wote, mnaagizwa. Analitazama neno hilo hata herufi zake zinalegea, zinakuwa vumbi, vumbi linakuwa barabara, naye amekwisha kusimama juu yake na fimbo mkononi, kichwa wazi, kwa maana kofia yake haipo.

Barabara ni ile ya matembezi yao ya kila juma, ila inajikunja na kurudi ilikotoka, na kila inaporudi inakuwa ndefu zaidi. Kandokando yake umesimama mji wa vioo, kuta vioo, milango vioo, na kila anapojitazama anaonyeshwa kisogo chake, wala hakuna kioo hata kimoja kinachokubali kumrudishia uso. Mbele yake wanachama wanapanda kilima kwa mstari mmoja, kila mtu ameukazia macho mgongo uliomtangulia, kama alivyowafundisha yeye mwenyewe: aliye mbele haulizwi njia, mlimani hapana mazungumzo, na anayegeuka nyuma juma lijalo abaki kwake. Anayewaongoza amevaa kofia yake Silvano, koti lake la kaki, na mwendo ule ni wake, mguu wa kulia ukitupwa nje kidogo. Anamfikia wa mwisho, Bwana Cosmas Mhina, mwenye kitambi na maneno mengi. Cosmas, simameni, yule si mimi. Cosmas anajibu kwa mnong'ono bila kugeuka: Ndugu yangu, punguza sauti, Mwenyekiti akisikia tutakoma wote. Mwenyekiti ni mimi. Haya, na mimi ni askofu, tembea.

Anauacha mstari, anakatiza kwenye nyasi zinazomrudisha nyuma kwa kila hatua, mpaka anamfikia yule wa mbele na kumshika bega. Yule anageuka. Chini ya kofia hamna uso, pako laini kama ubao wa shule uliofutwa kwa kitambaa kibichi, na sauti inatoka humo kwa upole mwingi. Nina jina lako, sina kikohozi chako. Nina kofia yako, sina kipara chako. Wananifuata wala hawajaniona. Mimi nani? Mwizi, anasema Silvano. Hapana, inasema sauti, mwizi huvunja mlango, na mimi mlango nimeukuta wazi. Ni nani aliyewaambia wasiulize?

Mama Eufrasia amekwisha kufika juu, anachechemea, amebeba kikapu kilichofunikwa kitambaa, na kwa namna mambo yanavyojulikana ndotoni Silvano anajua kwamba ndani yake imo namba ya siri ya mama huyo, na pamoja nayo kila kitu alichoachiwa na marehemu mumewe. Yule asiye na uso ananyoosha mikono. Mama yangu, goti linaendeleaje leo? Linauma, baba, lakini ahsante kwa kuniuliza. Mama Eufrasia, usimpe, anasema Silvano. Mama anasimama kati yao, macho yake yanakwenda huku na kurudi. Huyu ameniuliza goti, anasema. Miaka yote hii wewe hujaniuliza. Basi niulize wewe, anasema Silvano, na neno hilo linamtoka kwa shida kama jino. Uliza lolote, nami nitasimama hapa mpaka uridhike. Mama anakikumbatia kikapu. Siku ya kumzika mume wangu, Mwenyekiti aliniambia nini? Yule mpole anaharakisha: Nilikufariji kwa maneno mengi, mama. Silvano anatazama chini. Sikusema kitu. Nilipanga viti, kisha nikavirudisha kanisani. Mama Eufrasia anakifunua kikapu kidogo, anakifunika tena, na vioo vya mji mzima vinaanza kulia kama simu.

Simu inalia mezani. Silvano anaipokea, shavu lake lina alama za vitufe vya kompyuta. Ni yeye. Mwenyekiti, kabla hujasema neno, anasema Mama Eufrasia, nijibu kwanza. Siku ya kumzika mume wangu uliniambia nini? Sikusema kitu, anajibu. Nilipanga viti. Ni wewe basi, anasema mama. Nimeletewa barua yenye jina lako, nilikuwa nimekwisha kuandika namba, bado kuituma tu. Ifute, mama. Nimefuta. Umefanya vema sana kuuliza, anasema Silvano, na sauti yake inalainika kwa namna ambayo hata yeye haitambui. Na goti, mama, linaendeleaje?

Mwenyekiti wetu hajapata kuniuliza goti, anasema Mama Eufrasia polepole. Aliyeniuliza goti ni yule wa barua. Namba yangu simpi mtu, wala wewe, yeyote uliye.

Simu inakatika. Anapiga, inaita tu. Kwenye kompyuta agizo lake halijamalizika. Kofia yake haipo kwenye msumari wake, labda mwanawe ameichukua. Nyuma yake limesimama kabati la vyombo lenye mlango wa kioo, naye anaketi vilevile, mikono magotini, akijitahidi apate moyo wa kugeuka na kutazama kama uso wake umo.