Nyuzi Mbili, Mikono Minne

Shangazi yangu hajawahi kumaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Hunywa nusu mezani, robo mlangoni, na robo iliyobaki tunaikuta jioni juu ya friji, imefanya utando. Mtu wa namna hiyo ndiye chuo kikuu kilimwona anafaa kujenga njia ya nuru ya kukiunganisha na chuo kingine kilichoko nyuma ya milima. Haya nisemayo nimeyapata kwake mwenyewe, na pale alipojipunguzia makosa, shemeji yake amemrudishia.

Huyo shemeji, mdogo wa mumewe, ndiye fundi wa chuo cha pili. Ukoo mzima humwita Nimemaliza, maana ukimuuliza kazi imefika wapi hana jibu jingine. Yeye na Shangazi wanataniana tangu siku ya harusi, na kila mmoja anaamini kwa dhati kwamba mwenzake aliingia katika ufundi kwa kupotea njia.

Njia yenyewe ni nyuzi mbili za kioo, nyembamba kama unywele, zilizofukiwa kandokando ya barabara kuu. Mmoja hupeleka, mwingine huleta. Intaneti ya kawaida ilikuwapo, lakini ile ni kama bomba la bweni alfajiri: wote mmesimama na ndoo, na anayeoga ni kiranja. Njia mpya ilikuwa ya watafiti peke yao, na wa kwanza kuipita angekuwa mwalimu mmoja mpole wa chuo cha Shangazi anayechunguza mafuriko; huyo nitamwita Mtafiti. Alikuwa amekusanya picha za mabonde na mito mpaka diski zake zikajaa sanduku, na sanduku lenyewe alilibeba kama trei ya mayai.

Hesabu zake, za kujua maji yatapita wapi mvua zikifika na nani ahamishwe mapema, ziliwezekana kwenye kompyuta kubwa ya chuo cha pili tu. Kompyuta hiyo hutumiwa kwa zamu. Zamu ya Mtafiti ilikuwa Alhamisi, kuanzia saa nane mchana. Akiikosa, nyingine ingekuwa baada ya mvua, na baada ya mvua kila mtu angekuwa ameshajua maji yalipita wapi.

Jumatano Mtafiti alikuja kwa Shangazi kutoa taarifa. "Mama, nimeongea na dereva. Alfajiri ataondoka na diski."

"Diski kwenye gari?" Shangazi aliuliza huku akikaza skrubu ambayo haikuwa imelegea. "Mwalimu, hizo ni picha au ni magunia ya viazi? Njia imepimwa. Kwangu kijani, kwa shemeji kijani. Mwambie dereva alale."

Dereva akalala. Asubuhi ya Alhamisi Mtafiti, aliyekuwa ameshazinakili picha kwenye kompyuta ya chuo, akabonyeza kitufe cha kutuma, na hakuna kilichotumwa. Akabonyeza tena. Mashine ikamjibu kwa adabu kwamba upande wa pili haupatikani.

Shangazi alifungua kabati la mitambo, akaingiza kichwa, akanyamaza. Kwa jamaa zake, kunyamaza kwake ni jambo la kuita daktari. Ndani ya kabati, mbele ya macho yake, kilining'inia kitanzi.

Kitanzi ni kipande kifupi cha uzi ambacho mafundi hukichomeka ili nuru itoke kwenye mashine na kuingia papo hapo kwenye mashine ile ile. Kinasaidia kujua kama mashine ni nzima. Ukimaliza unakitoa. Yeye hakukitoa, alikuwa amekimbilia kazi nyingine. Ile taa ya kijani aliyoitangazia dunia ilikuwa ya mashine inayojisalimia na kujiitikia. Alikichomoa taratibu, akachomeka nyuzi zinazokwenda milimani, akampigia shemeji.

"Shemeji, hapo kwako kuna kitanzi?"

"Kitanzi gani? Mimi nilimaliza tangu juzi."

"Angalia."

Simu ikaleta mlio wa mlango wa kabati, kisha mlio wa kitu kikichomolewa na mtu asiyetaka kisikike.

"Hakipo," alisema Nimemaliza.

"Hakipo sasa, au hakikuwapo?"

"Shemeji, tufanye kazi."

Bila vitanzi, taa zote mbili zilikuwa zimezimika. Sababu waliijua hata kabla ya kutamka: mahali fulani nyuzi zilikuwa zimepishana. Mdomo wa Shangazi ulikuwa unaongea na mdomo wa shemeji, na sikio lake linalisikiliza sikio la shemeji. Dawa yake anaiweza hata mtoto: upande mmoja ugeuze nyuzi zake, wa kushoto uende kulia na wa kulia kushoto.

Lakini mafundi hawa wana sheria moja isiyoandikwa popote, nayo ni kali kuliko za bweni: anayegeuza ndiye aliyekosea.

"Geuza kwako," alisema Shangazi.

"Kwangu nilipanga mwenyewe. Geuza kwako."

"Kwangu pia nilipanga mwenyewe."

"Ndiyo maana nakwambia geuza."

Mwamba ngoma huvutia kwake. Mtafiti alitazama saa ya ukutani, akalihamisha sanduku kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Shangazi alimtazama, na moyo ukamchoma, akakata shauri kugeuza kimyakimya, taa iwake, kisha amwambie shemeji, "Umeona? Ilikuwa kwako." Akapitisha mkono kabatini bila kuacha kuongea.

"Vipi?" aliuliza.

"Giza," alisema Nimemaliza. "Umegusa kitu?"

"Sijagusa. Wewe?"

"Nami sijagusa."

Akarudisha kama zilivyokuwa. Giza. Akafuta ncha kwa kitambaa, akageuza tena. Giza. Alizunguka kabati, akasogeza kiti, akakirudisha. Akawalaani wachimba mitaro wote na vizazi vyao. Saa sita ilipita ikamwacha kwenye mkao huo huo, mkono mmoja simuni na mwingine kabatini hadi kwenye kiwiko. Mafahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na nyasi za siku hiyo zilikuwa zimevaa koti na zinatokwa na jasho.

"Mama," Mtafiti alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, "kila ukimwambia hujagusa, mkono wako umo humo ndani. Je, wa kwake uko wapi?"

Shangazi akautazama mkono wake. Akaona jambo zima kama mtu aliyevuliwa miwani ya mwenzake. Akigeuza mmoja, njia inafunguka. Wakigeuza wote wawili, wamerudi pale pale. Asubuhi nzima walikuwa wakiitengeneza njia na kuibomoa, kila mmoja kwa siri na kwa bidii ya kupigiwa mfano.

Angeweza kumtaka shemeji akiri kwanza. Alilifikiria hilo, hakatai. Kisha akaliangalia lile sanduku.

"Shemeji. Nimegeuza."

"Mara ngapi?"

"Kila mara niliposema sijagusa. Mimi ndiye niliyekosea, andika hivyo. Sasa geuza wewe, mimi natulia."

Nimemaliza akajibu kwa sauti ndogo: "Shemeji, wewe hujui kutulia."

"Najua kwamba sijui."

Akavuta kiti mbali na kabati, akaketi, akaikalia mikono yake yote miwili. Simu aliishika Mtafiti, akamwekea sikioni. Goti lake lilichezacheza. Bega likawasha, hakujikuna. Aliniambia kwamba hata kujifungua hakukumchosha kiasi kile.

"Nageuza," alisema Nimemaliza.

Taa ikawaka kijani.

Mtafiti akabonyeza. Picha za mabonde, mito na paa za nyumba zilianza kuondoka kwa kasi ambayo hata Shangazi, aliyeipigia debe, hakuwa amewahi kuiona kwa macho. Zilifika zote kabla zamu haijaanza, na saa nane kompyuta kubwa ikazipokea.

Shangazi akainuka. Nyuzi zile ndani ya kabati zilikuwa zimekaa ovyo, mmoja umejikunja vibaya, na kilichohitajika ni kuunyoosha tu, kidogo, kwa kidole kimoja.

"Mama," alisema Mtafiti, "tafadhali."

Akaliweka sanduku chini, akasimama mbele ya mlango wa kabati, mikono nyuma, na hapo alibaki mpaka hesabu zake zilipokwisha na majibu yakarudi kwa njia ile ile.