Ubao wa Kinyozi

Kinyozi alikuwa na akili moja tu ya kujivunia, nayo ilikuwa ya mkewe.

Nje ya saluni yake alitundika ubao mweusi, na kila asubuhi aliandika hapo neno moja kwa chaki. Wapita njia walisimama, wakasoma, wakacheka peke yao. "Wengine hawasamehi, wanaweka akiba." "Anayesema ukweli siku ya ugomvi tu si mkweli, ni mgomvi." Hata wenye vipara, wasio na cha kunyoa, waliingia kukaa kwenye benchi ili wamsikilize. Walimwita Mwalimu, naye aliitika bila chembe ya haya.

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa chumba cha nyuma, na kila alipopita mbele kwenda kununua uzi aliyakuta maneno yake ya jana yameoshwa uso na kuandikwa kwa mwandiko mzuri. Maana maneno yote yalikuwa yake. Lile la akiba alimrushia wakiwa mezani, siku kinyozi alipomkumbusha kosa la zamani alilodai amelisamehe mbele ya wakwe. Lile la mgomvi alimtupia mlangoni, pini zikiwa bado mdomoni. Yeye alidhani wanagombana, kumbe mwenzake alikuwa anavuna.

Alimwambia mara moja, kistaarabu kabisa. "Siku moja useme basi kwamba ni maneno yangu. Mbele ya watu. Sitaki kingine."

Kinyozi alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Maneno nayo yana mwenyewe? Yakishatoka mdomoni ni kama nywele zilizoanguka sakafuni, mke wangu. Anayefagia ndiye mwenye nazo."

Lilikuwa neno zuri, na hilo ndilo lililomkera mshonaji zaidi. Ndilo neno pekee mumewe aliowahi kulitunga mwenyewe, na alilitunga kutetea wizi.

Halafu akaja mwenye duka la mbao, mteja wa miaka mingi. Binti yake alikuwa anaolewa, naye alimtaka Mwalimu awape maharusi nasaha ukumbini, mbele ya wageni wote. Kinyozi alikubali kabla jamaa hajamaliza kusema. Jioni ile akaja mezani, akaonja chakula, akasema kimepoa na hakina ladha, kisha akatulia akimtazama mkewe. Mshonaji akamwelewa. Mtu mzima alikuwa amekuja na ndoo yake kukinga maneno.

"Sawa," akasema, akainuka kukipasha moto.

Tangu hapo kila kitu kikawa sawa. Kinyozi alikanyaga kitambaa cheupe cha mteja kwa viatu vyenye tope. Sawa. Alimsifia marehemu mama yake, jinsi alivyojua kupika na kunyamaza. Sawa, Mungu amrehemu. Akamsema shemeji yake kwamba ni mvivu anayeishi kwa kukopa, na hapo mshonaji nusura ajichome sindano, kwa kuwa jibu lilikuwa limeshafika kwenye meno, tamu, lina chumvi na pilipili yake. Akalishusha kooni pamoja na mate. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kunyamaza ni kazi ya kutoa jasho.

Ubao nao ukaanza kukauka. Siku moja uliandikwa "Maji ni muhimu." Siku nyingine, "Kila mtu ana kichwa." Mshonaji alifurahi, akisema moyoni leo wamemjua. Wapi! Wale wa kwenye benchi walikunja nyuso wakafikiri. Mmoja akasema Mwalimu siku hizi amekwenda kwenye kina kirefu, ndiyo maana mtu haelewi mara moja. Binadamu akishamwita mtu mwenye hekima hupata tabu kurudi nyuma, maana atalazimika kujiita mjinga.

Siku ya harusi ukumbi ulijaa. Kinyozi alisimama amevaa suti, akashika kipaza sauti.

"Ndoa," akaanza, "ndoa ni jambo la... watu wawili."

Wageni wakasubiri. Mtu akakohoa. Jasho likamtoka kinyozi kwenye paji la uso, macho yakazunguka ukumbi mpaka yakamkuta mkewe, na mshonaji akaona kwamba bado anatafuta.

"Ndoa ni uvumilivu," kinyozi akasema kwa sauti kubwa. "Mtazameni mke wangu pale. Mdomo wake mnaujua. Lakini mimi nimevumilia!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mshonaji alijikuta amesimama. Hakuhitaji kipaza sauti.

"Bwana harusi, nisikilize mimi," akasema. "Mke anayekugombeza bado ana matumaini na wewe. Siku ukiona kila unalomfanyia anakujibu sawa, usidhani umemshinda. Ujue ameshakuzika, anangoja tu watu waje kumpa pole."

Ukumbi ukalipuka. Wanawake walipiga vigelegele, wanaume walipiga meza, bibi harusi akafuta machozi ya kucheka na kuharibu wanja. Mshonaji alibaki amesimama. Amesema mwenyewe, kwa mdomo wake, na ukumbi mzima umeona neno limetoka wapi. Yameisha.

Mwenye duka la mbao akaja mbio kumshika mkono.

"Shemeji, hongera! Jamani, kukaa na Mwalimu si mchezo. Umeiva!"

"Ameiva!" wakaitikia wa meza ya jirani. "Mtu ni mwenye kumfundisha."

Mshonaji aligeuka akamtazama mumewe. Hakukasirika bado. Alimpa nafasi, kwa sababu sentensi moja tu ilitosha, tena fupi, na kipaza sauti bado kilikuwa mkononi mwake.

Kinyozi alitabasamu kwa unyenyekevu, akakisogeza mdomoni.

"Najitahidi naye," akasema. "Kichwa kigumu, lakini taratibu anashika."

Wakampigia makofi. Na hapo, katikati ya makofi, likamjia mshonaji neno ambalo hajawahi kupata mfano wake, fupi, lenye makali ya kummaliza yule mwanamume mbele ya watu wote. Akafungua mdomo. Kinyozi akaacha kutabasamu, akainamisha kichwa kidogo ili asikie vizuri.

Mshonaji akafunga mdomo, akachukua mkoba wake, akaenda nyumbani kufungasha. Neno lile hajamwambia mtu mpaka leo.