Glasi ya Feleti

Zilibaki siku kumi na mbili kabla ya sherehe ya kanisa, na tarumbeta la kwanza la bendi halikuwa na mpulizaji. Feleti alikuwapo, ila mdomo wake ulikuwa umepasuka kona zote mbili. Akipiga mwayo unachanika, akipuliza nota ya juu damu inamtoka. Wenzake hawakumwonea huruma hata chembe.

"Miezi mitatu tu ya ndoa, mdomo umeshachakaa," walimwambia. "Mwambie Losaline akupe likizo!"

Alijitibu kwa mafuta ya nazi, kisha kwa ndimu iliyomliza machozi, na kila dakika ulimi wake ulikwenda kulamba vidonda. Mosese, mpigaji wa tarumbeta la pili, alianza kung'arisha chombo chake kwa furaha isiyo na sababu.

Siku iliyofuata Feleti akaitwa na Shangazi Meleana, dada mkubwa wa marehemu baba yake. Feleti angeweza kubishana na mchungaji, lakini shangazi habishiwi. Akisema lete nguruwe, unauliza mkubwa au mdogo. Isitoshe, alikuwa amefanya kazi ya uuguzi miaka thelathini.

Feleti akaketi mkekani, mbele ya kiti cha shangazi. Losaline alikaa karibu na mlango na kikapu chake, macho chini.

"Fungua mdomo."

Akafungua kidogo.

"Nimesema fungua, sijasema chungulia. Haya! Haya meno ya juu ulitengenezewa lini?"

Jasho likamtoka. Meno yake mwenyewe aliyaacha kwenye uwanja wa raga miaka minane nyuma, na mkewe hakuwahi kuambiwa. Alilala na ya bandia, akaamka nayo, na kuyasugua alikuwa akijifungia bafuni.

"Shangazi, si tungeongea faragha..."

"Faragha ya nini? Meno yamelegea, mdomo unakunjika, mate yanatuama kwenye kona. Unalala nayo, fangasi wanajijengea kijiji, halafu unawanywesha kwa ulimi! Na chakula chako mkate na nyama ya kopo. Mboga ya majani ya taro hutaki, samaki hutaki, mayai hutaki. Sasa damu yako ipate nguvu wapi? Vua."

"Hapa hapa?"

"Kwani unataka tupande meli?"

Feleti alitamani ardhi ipasuke immeze. Kukosa tarumbeta kulimwogopesha, ndiyo, lakini kicheko cha mkewe kilimwogopesha zaidi. Akayavua, midomo ikaingia ndani, akaifunika kwa kiganja.

Losaline hakucheka. Alifungua kikapu, akatoa glasi iliyofunikwa kwa kitambaa cha uzi wa buluu, kilichofumwa maua madogo madogo. Feleti alikijua kitambaa hicho. Mkewe alikianza wiki ya kwanza ya ndoa, na alipomuuliza, alimjibu ni cha kufunikia jagi la maziwa.

"Ulijua?" akauliza, neno likatoka na upepo mwingi kuliko sauti.

"Ukikoroma yanagongana, mume wangu, kama mfuniko wa birika. Ila mimi siwezi kukuamrisha. Nikamtafuta anayeweza."

"Na alikuja kwa heshima, na mkeka mpya wa zawadi mkononi," alisema shangazi. "Una bahati, we kibogoyo. Kesho zahanati ukachukue dawa ya kupaka, kisha kwa fundi wa meno akayakaze. Kila jioni yaoshwe, yalale kwenye maji. Na ulimi wako uukanye."

Feleti hakubisha. Alikula majani ya taro mpaka akayapenda, au alisema hivyo. Jumapili ya sherehe nota ya juu ikapanda, ikakaa huko huko, na kona za mdomo zikashika. Mosese akalirudisha tarumbeta lake kwenye sanduku.

Jioni hiyo, bila kuambiwa na mtu, Feleti akayavua meno mbele ya mkewe, akayatia kwenye glasi, kisha akamtabasamia bila kuweka mkono mdomoni. Hapo ndipo Losaline alipocheka, akacheka mpaka akakaa chini. Naye Feleti akacheka, mdomo wazi kabisa, na hakikuchanika kitu.