Maji ya Jumanne

Enid Sugden alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya mawe, katika chumba cha chini ya baa, akitumbukiza ncha za mabomba ya bia kwenye ndoo ya nne ya maji. Bado apande ngazi kwenda kaunta kuyavuta maji hayo kwa mkono, yapite mabomba yote. Dawa ya kusafishia ilikuwa imemchubua vidole. Kando yake mapipa manane yalilala juu ya vigogo vyake. Bia hii huivia ndani ya pipa, na bomba likibaki na uchafu kidogo tu, inachacha. Enid hajawahi kuuza glasi iliyochacha. Watu walipanda treni kutoka mji wa Leeds kuja kuinywa.

"Enid! Mgeni wako kaja na viatu vya benki!" aliita mzee Wilf, aliyezoea kuja asubuhi kupanga viti ili apate glasi ya bure.

Enid alipanda. Bwana Pelham, meneja wa kampuni yenye jengo na iliyomuuzia bia, hakuketi. Alitandaza karatasi juu ya kaunta.

"Mita yetu iliyo kwenye mabomba inasema mwaka huu umepitisha galoni mia tatu ambazo hukununua kwetu. Mkataba wasemaje, Mama Sugden?"

"Ninunue kwenu tu. Na nanunua kwenu tu, kwa bei yenu hiyo ya kuchinja."

"Basi galoni hizo zimetoka wapi?"

"Ni maji! Nasafisha mabomba kila Jumanne. Mita yenu haijui tofauti ya maji na bia?"

"Haijui. Inahesabu kinachopita."

"Kwa hiyo niache kusafisha?"

"Ukiacha, umevunja kifungu cha usafi." Alisema kwa upole, kama anayemwelekeza mtoto njia ya shule.

Wilf alicheka. "Akisafisha, mwizi. Asiposafisha, mchafu. Bwana, hakuna kazi huko kwenu na mimi nije?"

"Baa haijafunguliwa, mzee."

Juu yao mashine ya kupumulia ya Clifford, mume wa Enid, ilikuwa ikinguruma. Vumbi la kiwanda cha sufu lilimla mapafu, naye hakuwa ameshuka ngazi tangu Novemba. Walikuwa na vyumba viwili huko juu kwa miaka ishirini na miwili. Kwingine hawakuwa nako. Enid alimwomba Mungu kimyakimya, si muujiza, neno moja tu la kumjibu huyu mtu. Halikuja.

"Nikienda mahakamani?"

"Nenda. Ila tutafunga milango wiki hii. Ukitia sahihi kwamba unaondoka kwa hiari, mgonjwa anakaa mpaka Pasaka ipite. Na wapangaji wapya wakikuuliza, uwaambie mambo ni mazuri. Wako nje kwenye gari."

Enid alifuta mkono kwenye aproni, akatia sahihi.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mwanamke wa miaka thelathini hivi, mashavu mekundu kwa baridi, akimvuta mumewe.

"Mimi Tamsin! Tumeuza nyumba yetu kwa ajili ya hapa, mama. Niambie ukweli, siri ya bia yako ni nini?"

Pelham alimtazama Enid. Wilf alitazama sakafu. Juu, Clifford alikohoa, akakohoa tena.

"Usafi wa mabomba," alisema Enid. "Kila Jumanne, na usiyaonee uchungu maji."

Tamsin akakunja mikono ya sweta yake, akauliza ndoo iko wapi.