Pumzi ya Muireann

Mume wa Sorcha alivuka bahari kwenda Uingereza kuchimba mahandaki, mimba ikiwa ya miezi minne, na hakurudi. Mke akaachiwa aibu, mtoto akaachiwa dawa. Kule Mayo nani asiyejua? Asiyewahi kumwona baba yake, pumzi yake huondoa utando mweupe kinywani mwa watoto wachanga. Asubuhi tatu mfululizo, kabla hajaonja kitu, Muireann, binti yake Sorcha, hupuliza, na kichanga hunyonya. Miaka tisa tu, lakini alitembea kifua mbele utadhani askofu.

Barua ya mumewe ilifika Jumanne. "Sorcha, mapafu yamekwisha. Mlete nimwone mara moja tu."

Sanduku lilikuwa limeshafungwa wakati Nuala, jirani wa bondeni, alipobisha hodi na kichanga mikononi.

"Shoga, siku ya pili hii hanyonyi. Daktari katupaka dawa ya zambarau, wapi!"

"Tunasafiri, Nuala. Tunakwenda kwa baba yake."

Nuala akajibwaga kitini. "Akimwona, pumzi imekwisha! Asubuhi tatu tu, Sorcha. Wewe umemngoja miaka tisa. Yeye hawezi kungoja siku tatu?"

Neno hilo lilimchoma Sorcha na, ukweli usemwe, lilimpendeza pia. Na angoje, aone kungoja kulivyo. Akalirudisha sanduku chini ya kitanda.

Asubuhi ya kwanza kichanga kililia tu. Ya pili kikaramba maziwa kidogo. Ya tatu, Ijumaa, kilishika titi la mama yake kwa nguvu hata Nuala akapiga ukelele.

"Mungu akuba—"

"Usinishukuru!" Muireann akamkatiza. "Utaiharibu dawa!"

Wakacheka wote watatu. Walikuwa bado wanacheka mtu wa posta alipoegemeza baiskeli ukutani na kuvua kofia kabla ya kutoa telegramu. Sorcha alipoiona kofia ile mkononi mwake, hakuhitaji kusoma. Alisoma hivyo hivyo, mara mbili. Mumewe alikuwa amekufa Alhamisi, saa nane mchana.

"Mama, nini?"

"Baba yako, mwanangu. Hayupo tena."

Muireann alifikiri kidogo, akakunja uso, kisha ukamkunjuka.

"Basi pumzi yangu haitaharibika tena, mama? Hata nikiwa mkubwa?"

"Haitaharibika," alisema Sorcha, akakaa sakafuni palepale, akalia mbele za watu.