Rangi ya Kijani Juu ya Kibati

Papa alikuwa ananoa diski ya mashine kwa mara ya nne wiki ile. Nilimsikia nikiwa bado uani na bidoni ya maji: tupa inapita kwenye jino moja, kisha jingine, halafu kimya, anapoinua chuma hadi karibu na pua ili aone vizuri. Meno ya diski yalikuwa yamebaki mafupi kama ya mutu aliyezeeka.

Karakana yetu iko Ndosho, juu ya mawe meusi ya volkano, na mashine ya kupasulia mbao imechukua nusu ya nafasi. Papa aliileta kutoka Rutshuru, kwenye kiwanda cha kahawa kilichofungwa kabla sijazaliwa. Kila Bonané, siku ya mwaka mpya, anaipaka rangi ya kijani. Anaipaka yote, meza, miguu, mota, hata vichwa vya skrubu, na siku hiyo hakuna anayeruhusiwa kuigusa.

Saa sita Baharanyi angekuja kuichukua. Yeye hununua mashine zilizochoka na kuzivunja vipande.

"Papa, pumzika kidogo," nilisema.

"Nipumzike ya nini? Mashine haina kosa, mama. Ni haya macho. Ninanoa jino moja huku, lingine kule, mbao zinatoka zimeungua. Fundi akishaacha kuona, aache na kazi."

"Pengine ni mota."

Alicheka bila nguvu. "Mota si ulifunga wewe? Kwa hiyo niko na amani."

Hapo ndipo nilishindwa kuendelea, kama nilivyoshindwa jana.

Mwezi wa kwanza, vita vilipoingia mjini, tuliifungua mota tukaificha chini ya magunia ya makala ya kupikia. Ndani ya kisanduku chake cha nyaya mulikuwa na vipande vitatu vidogo vya shaba vinavyounganisha nyaya. Nilivitoa nikavitia kwenye kopo la nyanya ili visipotee. Umeme uliporudi baada ya wiki nyingi, nilivirudisha mwenyewe, kwa mpango tuliofundishwa chuoni. Mota ikazunguka. Papa akatoka nje akamwambia kinyozi, akamwambia mama anayeuza samaki wa sambaza, akawaambia watu wa kwaya: mutoto wangu ni injenyere.

Tangu siku hiyo mashine haikuwa nzima. Ikiwa tupu inazunguka vizuri. Ubao wa mukaratusi ukiingia, sauti inazama, diski inakaribia kusimama, moshi unatoka na ubao unabaki na kingo nyeusi. Nilikuwa nimekagua mkanda, haukuteleza. Nilizungusha mhimili kwa mkono, ulikuwa mwepesi. Nilipima umeme kwenye nyaya zote tatu, ulifika sawasawa. Na jana, Papa akiwa kanisani, niliazima diski mpya kwa jirani, nikapasua ubao mmoja. Kingo zilitoka nyeusi vilevile.

Kwa hiyo tangu jana nilijua si macho yake. Nilijua, na nikamuacha aamke asubuhi anoe tena.

Nilichukua wembe nikapiga magoti kando ya mota. Kwenye ubavu wake kuna kibati cha kiwanda, lakini hakuna aliyekisoma miaka mingi. Bonané zote zilikuwa juu yake. Nilikwangua kijani cha mwaka huu, kijani cha mwaka jana, kijani kingine kilichokaribia kuwa bluu. Herufi zilijitokeza polepole. Mota zote tulizofungua chuoni zilikuwa za aina moja, na mpango wa vipande vya shaba ulikuwa mmoja. Hii, kwa maneno ya kibati, ilitaka mpango mwingine. Kwa namna nilivyoifunga mimi, ilikuwa inapata kama theluthi tu ya nguvu yake.

Niliketi chini. Tupa ilikuwa bado inapita.

"Papa," nilisema, "si macho."

Tupa ikasimama.

"Ni mimi. Nilifunga vibaya. Na jana nilijaribu diski ya jirani nikajua, nikaogopa kusema."

Alifuta mikono kwenye suruali, akaja, akainama hadi kwenye kibati, uso ukikaribia kukigusa.

"Kumbe mota ilikuwa na maandishi," alisema. Kisha, akionyesha diski, "Ungesema jana, jino hili lingebaki."

"Ndiyo, Papa."

"Haya. Funga vizuri."

Nilizima umeme, nikafungua kisanduku, nikavihamisha vile vipande. Skrubu moja ilianguka kwenye vumbi la mbao, na Papa ndiye aliyeiona kwanza.

Papa alirudisha diski yake ileile, yenye meno mafupi, akawasha, akasukuma ubao. Sauti haikuzama. Ubao uligawanyika ukiwa mweupe, na harufu ya mukaratusi mbichi ikajaa chumba, ile ambayo sikuwa nimeisikia tangu vita.

Hakufurahi kama nilivyotamani. Alizima mashine, akaketi juu ya vipande vya mbao, akafumba macho.

Baharanyi alimkuta hivyo hivyo. Alikuwa na vijana wawili, chukudu ya kubebea mizigo na kamba.

"Muzee Twagirimana! Umelala kwenye kilio cha mashine, kama imekufa?"

"Rudisha kamba. Mashine haiendi nawe."

"Juzi ulisema macho yamekwisha!"

"Juzi sikujua. Injenyere alikuwa amekosea."

Baharanyi alinitazama, nikatazama chini. "Injenyere wa kwaya nzima! Ameharibu mashine ya baba yake, na unasema hivyo mbele ya watu?"

"Yeye amesema mbele yangu," Papa alijibu, macho bado yamefungwa. "Wewe mashine ngapi umevunja, na umeniambia ngapi zilikuwa nzima?"

Vijana wakacheka. Baharanyi akakunja kamba, akanung'unika kuhusu safari ya bure juu ya mawe haya, akaondoka.

Nilianza kufagia vumbi.

"Bonané ikifika," nilisema, "kibati tusikipake."

"Tutakipaka," alisema. "Utaandika maneno yake ukutani kwanza. Makubwa. Niyaone."