Mjumbe Haimbi Kaburini

Mimi ni mtu wa hasira na sijawahi kuficha. Sokoni Handeni wananijua. Mteja akichovya mkono kwenye maharage yangu mara tatu bila kununua, namwambia aende akachambue ya kwao. Kwa hiyo siku washirika waliponichagua kuwa mjumbe wa Mkutano Mkuu wa kanisa, mjumbe kamili mwenye haki ya kupiga kura, wengi walicheka. Walisema safari hii maaskofu watakoma. Nami nilicheka nao. Nilikuwa nimeutaka ujumbe huo kwa miaka minne, na nilikuwa na sababu moja tu, dada yangu Catherine.

Catherine alikuwa ametengwa. Kwa asiyejua taratibu za kanisa letu, mtu anayeishi na mwenzake bila ndoa ya kanisani hatengewi nafasi kwenye Meza ya Bwana. Anaruhusiwa kuja ibadani, anaruhusiwa kutoa sadaka, tena hiyo haikataliwi, lakini wenzake wakiinuka kwenda kupokea mkate na divai, yeye hubaki amekaa. Akifa kabla hajarudishwa kundini, kengele haipigwi na mchungaji haji. Kaburini kwetu wimbo huanzishwa na mzee wa kanisa, wengine ndipo wanapokea, na kwa mtu aliyetengwa mzee wa kanisa hana ruhusa ya kufungua mdomo. Akiufungua anatengwa yeye miezi sita na vyeo vyote vinamtoka. Mimi ni mzee wa kanisa mwaka wa kumi na moja huu.

Dada yangu aliishi na Kibwana miaka thelathini na nane, huko kwetu Kwashemshi, kwenye shamba alilotuachia baba. Kibwana ni Mzigua wa Handeni, Mwislamu wa swala tano. Hakutaka kubadili dini, Catherine naye hakutaka, na hakuna aliyemlazimisha mwenzake. Watoto wakachukua dini ya baba. Kila Jumapili Kibwana alimsindikiza mpaka kwenye geti la kanisa, kisha akarudi kulisha ng'ombe. Catherine akaingia, akakaa benchi la nyuma kabisa, lilelile, mpaka mbao zake zikabadilishwa mara mbili. Mimi mdogo wake nilipokwenda kuwatembelea nilikuwa nampita hapo nikielekea mbele kushiriki, nimejifunga kanga yangu safi, na kwa miaka mingi sikuona ubaya wowote. Leo nikikumbuka najiona mpumbavu.

Alipoanza kuugua figo ndipo nilipoamka.

Kulikuwa na hoja ya kuruhusu waliotengwa wazikwe na kanisa kama washirika wengine. Mkutano Mkuu uliopita ilianguka kwa kura tatu. Mchungaji wetu Godfrey, kijana mwenye huruma na woga kwa kipimo kimoja, ndiye aliyenionyesha kwenye kitabu cha ajenda kwamba imerudi, namba kumi na saba.

"Kura tatu tu, Mama Upendo," aliniambia. Upendo ni binti yangu wa kwanza, na hapa Handeni wachache wanakumbuka kwamba naitwa Dorkasi. "Ukienda wewe, ni moja."

"Na nisipokwenda?"

"Atakwenda Filemoni."

Filemoni alikuwa mjumbe wa akiba, na ndiye pia fundi cherehani wetu. Wajumbe wote walitakiwa kuvaa sare ya kitenge chenye nembo ya mkutano, kwa hiyo nilisimama dukani kwake mikono imenyooka, ananipima mabega kwa ajili ya kiti alichokikosa kwa kura tisa. Sikuweza kujizuia kumchokoza.

"Usije ukanibana kwapani nikashindwa kuinua mkono, fundi."

"Nitakuachia nafasi," alisema, akaandika namba yake. Kisha akakunja futi. "Mama Upendo, nikuambie kitu. Baba yangu alizikwa bila wimbo. Alikuwa na mke wa pili. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikasimama pale nikauma meno. Nilikubali kwa sababu ndiyo sheria. Sasa wewe unataka kwenda kuniambia kwamba haikuwa lazima?"

Nilimwambia tu ashone mapema.

Wiki iliyofuata tuliitwa semina ya wajumbe, Korogwe mjini. Siku nzima tulifundishwa namna ya kuomba nafasi ya kusema, namna ya kuunga mkono hoja, na kadi ya kijani inainuliwa lini. Mwezeshaji alitufanyisha zoezi: tuinue kadi, tushushe, tuinue. Mzee mmoja alisinzia kadi ikiwa juu akahesabiwa mara mbili, tukacheka mpaka machozi. Mwishoni tukasomewa sifa za mjumbe. Lazima awe mshirika wa Meza ya Bwana asiye chini ya nidhamu yoyote ya kanisa, na mchungaji wake athibitishe hivyo kwa barua siku ya ibada ya kutumwa. Akipoteza sifa, hata jana yake, mjumbe wa akiba anachukua nafasi.

Kutoka semina nilipanda Kwashemshi kwa bodaboda. Catherine alikuwa amelazwa chumba cha mbele, miguu imevimba, na binti yake Ikram alikuwa anamsugua nyayo.

"Shikamoo mama mdogo," Ikram alisema, akatupisha.

Nilimweleza dada kila kitu. Nilimwonyesha hata ukurasa wenyewe, nikamsomea hoja namba kumi na saba neno kwa neno. Alisikiliza macho yamefumbwa.

"Mtapiga kura lini?"

"Mwezi ujao, tarehe kumi na mbili."

Alihesabu kwa vidole juu ya shuka. Alikuwa mtu wa mahesabu ya polepole tangu utoto.

"Nitajitahidi," alisema.

Nilitaka kumuuliza kitu kimoja. Nilitaka kumuuliza, usipofika tarehe hiyo, dada, nikuimbie au nikanyamaze nikakupigie kura? Sikumuuliza. Niliogopa jibu, lolote ambalo lingekuja. Nikamwambia apumzike, nikamsifia uji wa Ikram, nikaondoka kabla mvua haijaharibu barabara.

Alifariki tarehe tatu, saa nne asubuhi. Ikram alinipigia nikiwa sokoni napima maharage, na nikamaliza kumpimia mteja yule kwanza. Sijui kwa nini. Mikono iliendelea yenyewe.

Jioni Mchungaji Godfrey alipiga simu. Alinipa pole, akaomba, akaomba tena, na nilijua kwamba anazunguka.

"Sema, baba mchungaji."

"Mimi siwezi kuja kuzika, mama. Unajua."

"Najua."

"Na wewe, mama... Ukianzisha wimbo pale, Jumapili sitaweza kusaini barua yako. Nakuomba unielewe. Zimebaki siku tisa tu."

"Kwa hiyo nikamzike dada yangu kama mbwa ili kanisa lipate akili?"

Akaanza kuomba tena. Mimi ndiye niliyekata simu, na nikatukana peke yangu chumbani maneno ambayo mzee wa kanisa hatakiwi kuyajua.

Asubuhi tulikwenda watu saba kutoka Handeni, na Filemoni akiwemo. Alikaa kiti cha pembeni yangu. Tulipoipita Korogwe tukaanza kupanda, akasema kwa sauti ya chini, "Sikuja kukuvizia, Mama Upendo. Nimekuja kubeba. Lakini nikiulizwa sitasema uongo."

"Sijakuomba useme uongo."

"Najua. Ndiyo maana nakuambia mapema."

Ningekuwa na mtu mbaya wa kumchukia ningeshukuru. Filemoni alibeba kweli. Kutoka nyumbani mpaka kaburini, juu ya kilima chenye utelezi, alishika pembe ya mbele ya jeneza na hakukubali kupokewa.

Kengele ya kanisa ng'ambo ya bonde ilikaa kimya. Kaburi walikuwa wamechimba vijana wa msikitini tangu alfajiri. Shehe wao alikuwa ameshamweleza Kibwana kwa upole kwamba hawezi kumswalia mtu aliyekufa katika dini nyingine, na Kibwana alikuwa amemjibu kwamba hajamwomba. Lakini shehe alikuja. Alikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni, kofia magotini, mpaka mwisho. Kwa hiyo dada yangu alikuwa na Waislamu wa kumchimbia na Wakristo wa kumtazama, na hapakuwa na mtu wa kumsemea neno.

Kina mama wa kwaya ya Kwashemshi walikuja pia, bila sare, wakajipanga karibu na mimi kimakusudi. Walimjua Catherine. Alikuwa anawafulia mavazi yao ya kwaya ingawa yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuimba nao. Nilielewa walichokuwa wanangoja. Mzee wa kanisa yupo, tena ndugu wa damu, akianzisha sisi tutapokea. Mmoja wao alikohoa kusafisha koo.

Jeneza likashushwa. Kamba zikatolewa. Ikawa kimya, kile kimya ambacho kwenye mazishi mengine yoyote kingekuwa cha wimbo.

Sikiliza, sikuwa nimeamua. Watu watadhani nilifika pale nimeshaamua. Nilikuwa na wimbo kooni, nilikuwa nimeshavuta pumzi. Kisha nikawaza kura tatu. Nikawaza wote wanaokaa mabenchi ya nyuma, hapa na Handeni na nchi nzima, wanaojitahidi wafike tarehe kumi na mbili. Nikawaza kwamba Catherine amekwisha kufa na wao bado. Ilikuwa hesabu nzuri, haina kosa hata moja, na niliichukia nilipokuwa naifanya. Nikaitoa ile pumzi polepole. Mama wa kwaya aliyekohoa akanigeukia, akanitazama, akageuza uso.

Vijana wakaanza kufukia. Udongo wa kwanza ulipogonga ubao, Kibwana akaanza kuimba.

Nilidhani nimechanganyikiwa. Lakini alikuwa yeye, mzee wa miaka sabini na mbili, kofia ya kiua kichwani, anaimba wimbo wa kanisa. Catherine alikuwa akiuimba jikoni kila asubuhi akiwasha moto, na mtu akilala chumba cha jirani na jiko miaka thelathini na nane, wimbo unamwingia atake asitake. Sauti haikuwa nzuri. Tuni aliipata. Maneno ya ubeti wa kwanza aliyapata yote, bila kuruka hata moja. Vijana wa msikitini walisimamisha majembe, wakamtazama shehe. Shehe aliinamisha uso, na wakaendelea kufukia.

Hakuna aliyempokea. Kina mama wa kwaya walikuwa wananisubiri mimi bado, kwa mazoea tu, kama vile gari lililokwisha kupita linaweza kurudi.

Akafika mwisho wa ubeti akasita. Akajaribu neno, akaliacha. Akajaribu lingine. Catherine lazima alikuwa akiuimba wa pili akishatoka nje kwenda kuteka maji, na Kibwana hakuwahi kuusikia vizuri. Akageuka akatafuta kati ya watu mpaka akaniona.

"Shemeji," alisema, mbele ya wote, "hapa inaendeleaje?"

Ubeti ule ninaujua. Nimeufundisha watoto wa Jumapili. Filemoni alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, mikono ina tope, na hakuwa ananitazama. Alikuwa ananisaidia kwa kutonitazama. Neno moja tu Kibwana alikuwa anataka, la kuanzia, mengine angeyakisia. Lakini mzee wa kanisa akitaja neno la wimbo kaburini, ameuanzisha.

"Sijui, shemeji," nikasema.

Alijua kwamba ninajua. Catherine alikuwa amemwambia mara ngapi kwamba mdogo wake ndiye mwenye kichwa cha nyimbo. Ningependa angenifokea. Ningependa angenifukuza pale kilimani mbele ya watu. Hakuonyesha hasira hata kidogo. Alinihurumia.

"Basi hakuna neno," alisema.

Akageukia kaburi, akaurudia ubeti wa kwanza. Ulipokwisha akauanza tena. Nilisimama midomo nimeifunga, mjumbe kamili mwenye haki ya kupiga kura, na Kibwana akaimba peke yake ubeti uleule mpaka wakamaliza kufukia.